Nawaandikia kabla matokeo hayajatoka

Ndugu Mhariri,

Naandika usiku, cherehani imefunikwa na watoto wamelala, na ninaandika kabla matokeo ya darasa la saba hayajatangazwa. Nimefanya makusudi. Binti yangu mkubwa amefanya mtihani Septemba hii. Nikingoja matokeo ndipo niandike, akifaulu mtasema najisifu, akifeli mtasema natafuta pa kutupia lawama. Leo sijui, nanyi hamjui, basi tuzungumze wote tukiwa hatujui.

Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya. Nina watoto watatu: huyo binti wa miaka 13, mdogo wake wa kiume mwenye miaka 9, na kifunga mimba wa miaka 5. Baba yao ni dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, kwa hiyo tunamwona kama mwezi mwandamo, siku nyingine tunabishana kama kweli ni yeye. Tuna mbwa mmoja anaitwa Bosi, kuku ambao idadi yao anaijua mwewe, na nyuma ya nyumba tuna kipande cha ardhi cha hatua ishirini kwa kumi na mbili. Utajiri utakaotajwa humu ni huo tu.

Kilichonichokoza ni karatasi. Wiki iliyopita mwanangu wa kati, ambaye Januari anaingia la nne, ameniletea tangazo la kambi ya Desemba. Wanaoingia darasa lenye mtihani wanatakiwa kwenda shule likizo nzima, saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni, na mzazi achangie uji, karatasi za mazoezi na motisha ya walimu. Chini pameachwa nafasi ya saini. Mwaka jana karatasi kama hiyo ilikuja kwa ajili ya dada yake alipokuwa anaingia la saba. Sikusaini.

Mwalimu wake wa darasa alinifuata hadi kibandani. Si mtu mbaya, tena ni mteja wangu, gauni lake la Krismasi lilikuwa limening'inia nyuma yangu likisubiri zipu. Akaniambia, "Mama, wenzake watakuwa wamemaliza mada tatu za hisabati. Akifeli utamlaumu nani?" Nikamjibu kwamba nitajilaumu mwenyewe. Akanyamaza, halafu akaulizia zipu.

Niseme ukweli ambao majirani zangu hawaujui. Kambi ile ingenifaa mimi kuliko mtu mwingine yeyote. Desemba kwa fundi ni mwezi wa kutolala: nguo za Krismasi, na zikiisha hizo, sare za Januari. Mtoto akiondoka saa moja na kurudi saa kumi akiwa ameshakunywa uji wa watu, kwangu ni nafuu kubwa. Najua wazazi wengi wanasaini kwa sababu hiyo, ingawa kwenye kikao tunasema ni kwa ajili ya ufaulu. Siwacheki. Nilikaa na kalamu mkononi usiku mzima.

Kilichonizuia ni mvua. Wanaoishi Dar es Salaam na Tanga wana masika yao na vuli yao, lakini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni moja. Inaanza Novemba inapokaribia kwisha na haina haraka ya kuondoka hadi Aprili. Kuanzia Juni mpaka Oktoba Uyole ni vumbi na baridi, mlima Loleza unakuwa na rangi ya gunia kuukuu. Halafu siku moja mchana linanguruma upande wa Rungwe, na baada ya wiki mbili huwezi kuamini ni mlima uleule. Nasikia kuna nchi ambazo watu hungoja theluji iyeyuke ndipo watoto watoke nje. Sisi theluji hatuna, lakini Desemba ya Mbeya ndiyo mlango wetu wa kutokea nje. Na shule zinafungwa Desemba hiyohiyo. Aliyepanga hivyo, hata kama hakuwaza kilimo, alipatia. Sasa tunamchukua mtoto wiki ambayo ardhi imefunguka, tunamfungia ndani akokotoe eneo la shamba la mstatili lililochorwa ubaoni.

Basi shamba letu la mstatili lilipimwa kwa futi yangu ya nguo. Binti alikuwa ameelezwa na kijana mmoja wa jirani anayelima kwamba viazi mviringo vinataka sentimita 75 kati ya tuta na tuta, na 30 kati ya shimo na shimo. Nilimpa futi kwa masharti kwamba irudi safi. Ilirudi na tope hadi namba 112. Lakini alikuwa amechora karatasi nzima: matuta mangapi, mashimo mangapi kwa kila tuta, na mbegu ngapi zinahitajika. Akagundua kwamba mbegu hazitoshi. Tulikuwa na ndoo moja tu ya viazi vidogo tulivyoviacha chini ya kitanda mpaka vikachipua. Mimi nikamwambia apanue nafasi. Akakataa, akasema vitaota magugu katikati. Akaamua matuta manne yawe viazi na panapobaki paende maharage ya Njano Uyole, figiri na chainizi. Sikuongeza neno. Mimi mwenyewe hukata kitambaa hivyohivyo, kipande kikipungua unabadilisha mshono, huvuti.

Kijana wangu kazi yake ilikuwa mbolea. Alisomba ya kuku kwa toroli la kuazima, akilalamika kila safari, na kila safari akirudi na hadithi mpya ya alichokikuta njiani. Kifunga mimba aliomba shamba lake. Nikampa kona moja karibu na bomba na kiganja cha mahindi. Alichimba shimo moja akayatia yote, akafukia. Yalipoota yalikuwa kama ufagio uliosimamishwa mpini chini. Dada yake alitaka kuyapunguza, mtoto akalia kilio cha msiba: "Usiwatenganishe, ni ndugu!" Wakaachwa. Hawakuzaa hata gunzi moja, lakini hakuna mgeni aliyeingia kwangu hadi Machi bila kupelekwa kuwasalimia.

Na Bosi. Huyu mbwa aliletwa Septemba mwaka jana akiwa kitoto, nilimpokea shingo upande kwa sababu ya wezi wa kuku. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, alimtazama akasema mbwa mwenye tumbo la namna ile atalinda sufuria. Desemba alikuwa na miezi mitano, umri ambao mbwa anaamini kila kilichofukiwa kimefukiwa kwa ajili yake. Tulipanda viazi Jumatatu. Jumatano asubuhi tuta la pili lote lilikuwa juu, na Bosi amelala katikati yake, pua ina udongo, amejinyoosha kama mwenye shamba. Watoto walipanda upya, wakazungushia miiba ya michongoma. Akatafuta njia ya kupita chini. Wakaweka mabati. Mwisho kijana akagundua kwamba mbwa akichoshwa asubuhi hachimbi, ndipo ikawa kila siku saa kumi na mbili na nusu wanakimbia naye hadi njia panda na kurudi. Mwanangu huyu ndiye niliyekuwa nikimwamsha kwa kumvuta mguu siku za shule.

Jumanne moja ya katikati ya Desemba afisa mifugo alikuja ofisi ya mtaa kuchanja mbwa. Septemba, wakati wa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ambayo ni tarehe 28, Bosi alikuwa hajafikisha miezi mitatu, tukaambiwa tusubiri. Sasa zamu yake imefika, na mimi nina magauni sita ya kumalizia. Wakaenda wenyewe, wawili wakubwa, wamemfunga kwa kamba ya kuanikia nguo. Walikaa foleni kwa muda wa saa tatu nzima. Mbwa wa watu wanapigana, mmoja amekata kamba kakimbilia sokoni, mzee mmoja kaja na paka ndani ya kikapu cha mayai. Wakati wakisubiri, yule afisa alikuwa akiwafundisha watoto waliojazana pale. Aliwaambia kwamba kichaa cha mbwa dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona, kwa hiyo kazi yote ni kabla. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali kwa sindano, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Walirudi na kadi ya chanjo ya Bosi. Kijana aliibandika ukutani juu ya kitanda chake, mahali ambapo wenzake huweka picha za wachezaji.

Naomba niruke hadi Juni mwaka huu, maana jambo hili haliwezi kusubiri mstari wake. Watoto walikuwa wanacheza mpira uwanja wa nyuma ya kanisa. Rafiki yake mwanangu akafuata mpira kichakani, akaumwa ugokoni na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Mtoto akalia, wakubwa wakakimbilia, mmoja akaagiza pilipili ya kusaga, mwingine mafuta ya taa. Mwanangu alimshika mwenzake mkono, akamburuta hadi bombani kwangu, akachukua kipande cha sabuni ya mche niliyokuwa nafulia, akafungulia maji. Saa hana. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Dada yake alikuwa amemwambia siku ile ya foleni kwamba dakika kumi na tano ni sekunde mia tisa. Jamani, mtoto wa darasa la tatu alihesabu moja mpaka mia tisa, mwenzake analia, majirani wamezunguka, jirani mmoja ananiambia bili yako ya maji, mama! Alipopotea katikati ya mia nne na kitu alirudi nyuma kidogo akaendelea, "ili nisimpunje," alinieleza baadaye. Hospitalini yule mtoto alipewa sindano za mfululizo, na leo ni mzima, wanagombana kama kawaida. Mbwa yule hakuonekana tena.

Simtaji ili mumpongeze. Namtaja kwa sababu ndiye huyuhuyu ninayeandikiwa kwamba asipokaa darasani Desemba atabaki nyuma.

Turudi mwaka jana. Baba yao alifika tarehe 24 usiku akiwa na siku tano za kupumzika. Kila mwaka siku hizo huisha kwa kulala na kutengeneza vitasa. Safari hii binti alikuwa amemwekea mtego. Alisikia kutoka kwa mwanafunzi mwenzake habari za Kitulo, hifadhi ya maua iliyo juu ya milima ya Chimala, akamwuliza baba yake, "Unapita Chimala mara ngapi kwa mwezi?" Baba akahesabu, akasema nne, tano. "Na hujawahi kupanda juu?" Miaka kumi na moja anapita chini ya mlima ule, hajawahi.

Tarehe 27 tukaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa Noah ya jirani, familia mbili, mafuta tumegawana, chapati na mayai ya kuchemsha vimefungwa kwenye kanga. Watoto walivaa sweta za shule kwa sababu ndizo sweta walizo nazo. Tulipita Inyala, Igurusi, tukafika Chimala, tukaiacha lami, tukaanza kupanda kuelekea Matamba. Njia hiyo wenyewe wanaiita Hamsini na Saba, ndiyo idadi ya kona zake. Bila shaka watoto waliamua kuhakikisha. Kijana alipata 55. Binti alipata 57 lakini alishutumiwa kwamba alijua jibu. Kifunga mimba alipata "nyingi" kisha akatapika. Dereva mzoefu wa lori, mume wangu, alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili kwa sababu hakuwa yeye aliyeshika usukani. Ukitazama chini unaona Usangu yote imelala, majaruba ya mpunga yanang'aa, na barabara kuu imekuwa uzi. Alikodoa macho muda mrefu akasema, "Kumbe malori yetu ni madogo."

Juu kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma meno. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na sisi wa Uyole tunaojiona tumezoea baridi tulikunja mikono kama wageni kutoka pwani. Halafu saa nne hivi ukungu ukanyanyuka. Mhariri, mimi nashughulika na vitambaa miaka kumi na sita, nimeona maua yaliyochapwa kila namna, na kila siku nikiyaona kwenye kitenge nasema huyu mchoraji kazidisha. Hakuzidisha. Nyasi zimeenea hadi macho yanapokoma, na ndani yake manjano, meupe, zambarau, mengine mekundu yamesimama kwa vikonyo virefu kama mienge. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Askari wa hifadhi aliyetutembeza alitueleza kwamba ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kwamba katika Afrika ya kitropiki ndiyo ya kwanza kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Aina zipatazo 350, na okidi peke yake aina 45. Hapakuwa na simba wa kuogopa, kwa hiyo tulitembea kwa miguu, watoto mbele. Tuliona tandawala, ndege mkubwa anayetembea kama mwenyekiti wa kijiji anayekagua mipaka.

Kifunga mimba alichuma ua. Tulikuwa tumeonywa langoni, yeye wakati huo alikuwa akiuliza kuhusu choo. Askari alipomtazama, alilificha mgongoni. Askari akachuchumaa, hakusema neno. Mtoto akatoboa udongo kwa kidole, akalichomeka lile ua, akalipapasa chini, akasema, "Nimelirudisha." Yule askari alilazimika kugeuka atazame milima.

Kisha akatuonyesha okidi mbili tatu, akatuambia kisa ambacho kilimfanya mume wangu asimame. Chini ya ua lile kuna viazi viwili vidogo. Kimoja kimesinyaa, ndicho kinacholisha ua la mwaka huu. Kingine ni kigumu, cheupe, hicho ni cha ua la mwakani. Wachimbaji hutaka kile kigumu. Walikuwa wakichimba kwa magunia, mzigo unashuka hadi Tunduma na kuvuka Zambia, huko viazi hivyo husagwa na kuchanganywa na karanga kuwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama mkate. Biashara hiyo ilikuwa sababu mojawapo kubwa ya eneo lile kutangazwa hifadhi.

"Chikanda nimekula Nakonde," mume wangu akasema taratibu. "Ni tamu. Sikujua ni ua."

Binti alikuwa bado ameinama pale kwenye okidi. Bila kugeuka akasema, "Kwa hiyo wanakula mbegu."

Nilimtazama. Wiki tatu kabla, alikuwa amenikatalia nisipike viazi vilivyobaki ndani ya ndoo, siku ambayo nyumbani hapakuwa na mboga.

Wakati wa kurudi, ukimwuliza kijana alipenda nini zaidi, hakutaja ua lolote. Alitaja ng'ombe wa Shamba la Mifugo Kitulo, wale weusi kwa weupe, na maandazi ya Matamba. Kila mtu na Kitulo yake. Gharama ya safari nzima, kiingilio na mafuta yetu, haikufika ile waliyotaka kwa kambi, na sisi tulikuwa watano.

Sasa niseme upande wa pili, maana barua isiyo na upande wa pili ni tangazo. Jaribio la kwanza la Januari binti yangu alishuka kutoka nafasi ya 6 hadi ya 17. Waliokuwa kambini walikuwa wameshafanya mada zile, yeye alikuwa anaziona mara ya kwanza. Alikuja kibandani akaweka karatasi juu ya kitambaa cha mteja, akakaa bila kusema. Niliumia. Usiku ule nilijiita mjinga kwa majina yote ninayoyajua, ya Kiswahili na ya Kinyakyusa. Baba yake alikuwa njiani kwenye mizani ya malori, nikampigia, akauliza, "Amelia?" Nikasema hapana. Akauliza, "Viazi vikoje?" Nilikata simu kwa hasira.

Viazi vilikuwa vimepata ukungu. Wiki ileile ya jaribio mvua ilinyesha siku tano mfululizo, majani yakaanza madoa meusi pembezoni. Binti alimfuata yule kijana wa jirani, akarudi, akang'oa mashina yaliyooza, akayachoma, na mengine akayapandishia udongo. Alifanya hivyo jioni baada ya shule, akiwa na sare. Machi mwishoni tulichimba. Madebe mawili na sado moja ya vidogo. Kwa ukubwa wa pale tungepata matatu, lakini nimeona watu wazima wakivuna kidogo zaidi na kelele nyingi zaidi. Debe moja tulikula. La pili aliliuza mwenyewe kwa sado kwa majirani. Aliwahi kuniuliza kwa nini magunia ya sokoni yana kofia juu, nikamweleza lumbesa, kwamba mnunuzi anajaza zaidi ya gunia na kulipa gunia. Akasema yeye atauza sado tano kwa debe, kwa msawazo, bila kofia. Fedha iko kwenye kopo la maziwa na haigusi mtu, hata mimi mama mzazi.

Nafasi ya sita hakuirudia mwaka mzima. Alipanda hadi ya 9, akakaa hapo. Inawezekana kambi ingemwongezea. Sina ushahidi wa kupinga, na anayesema ana ushahidi wa kuthibitisha anionyeshe mtoto mmoja aliyesoma Desemba mbili kwa wakati mmoja, moja darasani na moja nje, tumlinganishe.

Walimu nao niwatetee kidogo. Yule mwalimu alipokuja kuchukua gauni mwaka jana ilikuwa tarehe 23, saa moja usiku, chaki bado iko kwenye nywele. Ana mtoto wa miaka minne anayebaki na dada wa kazi. Alisimama mlango wa nyuma akitazama watoto wangu wakimwogesha Bosi kwenye beseni, maji yametapakaa, mbwa amekasirika. Alitazama kwa muda. Kisha akaniomba mbegu za figiri, akasema nyumbani kwake kuna kipande kimekaa bure. Nilimfungia kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kutoka kwenye gauni lake. Hawa nao tumewafungia ndani. Serikali imeshasema zaidi ya mara moja kwamba likizo ni ya mtoto kupumzika, lakini kauli ikishuka hadi mtaani kwetu inakuta shule zinapimwa kwa ufaulu na wazazi tunashindana, basi inabaki kauli.

Kwa hiyo ombi langu si kwa waziri. Ni kwa wazazi wenzangu ambao karatasi hiyo iko juu ya meza leo. Msiisaini kwa kuogopana. Aliye na sababu yake na asaini, kazi ya mtu ni kazi, nimesema mwenyewe kwamba nilishika kalamu. Lakini tusidanganyane kwamba mtoto aliyeko nje anapoteza muda.

Chini ya kitanda changu sasa hivi kuna ndoo mbili za viazi, vimeanza kutoa macho. Kijana ameshapewa madaraka ya tuta la tano, na ameniarifu kwamba mwaka huu Bosi amekua, hachimbi tena, ingawa jana nimekuta shimo karibu na bomba. Kifunga mimba anataka kupanda mchele, anao mfukoni, wa kupikia, nimeshindwa kumweleza.

Ninaomba, Mhariri, kama nafasi itapatikana, barua hii itoke kabla shule hazijafungwa. Nitaikata kwa mkasi wangu na kuibana kwa pini pale chini ya ile karatasi, kwenye nafasi ya saini.

Fundi cherehani,
Uyole, Mbeya